Pole ya Baadaye

Sista hakuwa mtu wa kusema pole. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu wa kwetu walishindwa kumsamehe, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kwetu mtu akijikwaa unamwambia pole. Akiangusha sufuria, pole. Akipita na jembe begani, pole na kazi, hata kama shamba ni lake na hakuna aliyemtuma. Neno lenyewe linatoka mdomoni kabla hujajua kilichotokea. Sasa fikiria mama amekuja mbio kutoka Witeithie, mtoto mgongoni amelegea, halafu mwanamke aliyevaa nguo nyeupe anamfungua yule mtoto mgongoni bila kumtazama mama usoni, anamgeuzia mgongo na kuondoka naye. Hakuna habari yako, hakuna pole. Wengi walirudi nyumbani watoto wao wamepona na wao wenyewe wamekasirika.

Tulimwita Sista ingawa hakuwa mtawa wala Mzungu. Alikuwa mwanamke wa kwetu, mfupi, miguu minene, sauti ya kukwaruza kidogo. Kazi yake ilikuwa kutufundisha sisi wanawake wa vijijini na wa mashamba ya kahawa namna ya kumshika mtoto ambaye akicheleweshwa atakufa. Wengine walituita nesi, wengine dresa, yaani wafunga vidonda, na mwenye shamba mmoja alituita wale wanawake wa bendeji. Tulikuwa tumesoma kidogo tu. Tulifundishwa Thika, katika chumba cha mabati nyuma ya kituo cha afya, upande wa reli. Siku za Ruiru yeye alikuja kwa treni na kikapu chake, tukamfuata kwenye stoo ya kahawa tuliyoruhusiwa kutumia ikiwa tupu. Mpaka leo nikisikia harufu ya gunia kavu, mikono yangu inajikunja yenyewe kama inapokea mtoto.

Mimi nilitoka kijiji kimoja karibu na Kalimoni, kimoja cha vile tulivyohamishiwa kwa nguvu wakati wa imajensi, ile hali ya hatari ya Waingereza. Nyumba zilikuwa zimebanana, handaki limezunguka, lango ni moja na lina askari. Mume wangu alikuwa kizuizini kambini pamoja na wanaume wengine wa kwetu. Niliishi na mama mkwe wangu na mtoto wangu wa pekee, msichana aliyeitwa Wambui. Lilikuwa jina la huyo mama mkwe, maana kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Nilipata nafasi ya kusomea udresa kwa sababu walitaka mwanamke mmoja kutoka kila kijiji, na mimi nilijua kusoma saa.

Kikapuni mwake Sista alikuwa na mtoto. Alimshona mwenyewe kwa gunia la sukari, akamjaza mchanga na pumba za mahindi mpaka akawa na uzito wa mtoto anayeanza kutambaa. Uso haukuwa na macho wala mdomo. Shingo aliishona ovyo makusudi, ukimbeba bila kuzuia kichwa, kichwa kinaanguka nyuma kama cha kuku aliyechinjwa. Tulimwita Mgeni, kwa sababu alifika na Sista na kuondoka naye. Ukisahau kichwa cha Mgeni, adhabu ilikuwa kusimama umembeba vizuri mpaka somo liishe. Mikono iliuma hadi usiku. Lakini hakuna mmoja wetu aliyesahau kichwa cha mtoto wa kweli, na hilo nalisema kwa niaba ya wote.

Alikuwa na maneno yake. "Mtoto hana mdomo wa kukwambia, ana mbavu. Tazama mbavu." Akikuona unamshika Mgeni kwa woga, alikwambia, "Wewe unamshika kama mtu ameiba ndizi. Shika kama ni yako." Aliyejaribu kujionyesha kwa maneno ya Kizungu aliulizwa hilo neno linapunguza joto la mtoto kwa kiasi gani. Tulicheka, naye hakucheka, tukanyamaza.

Mengi aliyotufundisha yalikuwa ya kutuzuia. Mtoto akiungua kwa uji, kwetu watu walikimbilia kumpaka majivu au mafuta ya kondoo. Sista alisema maji baridi, mengi, na mafuta ya kondoo yarudi kwa mwenye kondoo. Mtoto akishikwa na degedege, watu walimfunika blanketi gubigubi na kumtia kijiko katikati ya meno. Sista alisema mfunue, mlaze ubavu, ondoa kijiko, kaa hapo. Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe. Alirudia mambo hayo kwa sauti ileile, kama mtu anayesoma majina ya vituo vya treni.

Lakini kosa alilolichukia kuliko yote halikuwa la dawa. Lilikuwa la adabu.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja, mke wa katekista, mwanamke aliyelelewa akaleleka. Siku moja akiwa zamu mlangoni pale Thika, akaingia bibi mmoja na mjukuu aliyepaliwa na punje ya mahindi. Kumbe yule bibi alikuwa shangazi ya mumewe. Basi mwenzetu afanye nini? Alipiga goti kidogo, akashika mkono kwa mikono miwili, akauliza habari za nyumbani. Na yule bibi, kwa kuwa naye alilelewa, akajibu. Wa nyumbani ni wazima. Na huko kwenu? Na huku kwetu pia. Mtoto kwenye shuka alikuwa ameanza kubadilika rangi midomo. Sista alitoka mwisho wa chumba, hatukumwona akitembea, tulimwona amefika. Alimnyakua mtoto, akamlaza kifudifudi juu ya paja lake, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja. Punje iliruka ikagonga ndoo. Mtoto akalia, na sisi tukapumua pamoja naye.

Jioni ile alituweka mstari. "Nyinyi mtaua watoto na adabu," alisema. "Nimeona mtoto akienda watu wakiulizana habari za ng'ombe. Kuanzia leo, mtoto kwanza. Salamu baadaye."

Mke wa katekista akauliza, machozi yakimlengalenga, "Na pole, Sista? Hata pole tu?"

"Pole ni ya baadaye kabisa."

Usidhani basi kwamba hakujua kusalimia. Hapo ndipo utachoka naye. Ukikutana na Sista njiani, nje ya kazi, ujue umekwisha. Alikushika mkono na hakuuachia. Aliuliza mama, mama mkwe, watoto, yule aliyekuwa akikohoa, yule jirani mgomvi, halafu akaingia kwa mifugo. Mbuzi aliwapenda kuliko kitu kingine chochote, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na hata mmoja, maana alikaa chumba kimoja katika nyumba za mstari pale Thika. Alitaka kujua wamezaa nini, mapacha au mmoja, mweusi au wa mabaka, na kama maziwa yanatosha. Treni ya Ruiru ilimwacha si mara moja akiwa amesimama na mtu kwenye stesheni wakizungumzia mbuzi. Mwanamke huyo huyo aliyeweza kumchukua mtoto mikononi mwako bila kukutazama usoni.

Alikuwa na mambo mengine yasiyopatana. Alitukataza ugoro kwa ukali, na yeye alinusa nyuma ya tangi la maji akidhani hatujui. Alitembea na viatu mkononi kutoka nyumbani kwake, akavivaa getini, kisha akatukemea kwa miguu yenye vumbi. Damu haikumshtua, usaha haukumshtua, lakini kuku akiingia darasani alipanda juu ya benchi. Tulimleta kuku makusudi siku moja. Alifundisha somo zima akiwa juu ya benchi, na sauti haikubadilika.

Kuhusu kulia, msimamo wake ulikuwa mfupi. "Ukilia huoni mbavu." Alitufanyisha mazoezi ya kuzoea kelele. Mmoja alishika Mgeni na kufanya kazi, na mwingine alisimama pembeni akijifanya mama, akipiga mayowe. Mimi nina sauti kubwa, kwa hiyo nilichaguliwa kuwa mama. Nilipiga mayowe yangu yote, *Ngai! Mtoto wangu!*, mpaka wachukuzi wa kahawa wakaja kuchungulia mlangoni. Sista alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Umefanya vizuri," alisema. "Lakini mama wa kweli hapigi kelele hivyo. Wengine, ndiyo. Lakini yule ambaye mambo yamemfika kabisa, huyo ananyamaza. Mtamwogopa yule wa kelele. Mwogopeni yule aliyenyamaza."

Tukarudia zoezi, mimi nikiwa kimya. Lilikuwa gumu zaidi kwa wenzangu, sijui kwa nini.

Sasa nifike kwenye tumbo la kuhara, maana huko ndiko watoto wetu wengi walikwenda. Katika vijiji vile watu walikuwa wengi na vyoo ni vichache na maji yanatoka mtoni. Mtoto alianza asubuhi, jioni macho yameingia ndani, utosi umebonyea, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Sista alitufundisha ishara hizo mpaka tungeweza kuzisoma gizani kwa vidole. Halafu akatufundisha la kufanya. Mtoto anayeharisha na kutapika asipewe kitu mpaka kutapika kukome. Tumbo lipumzike. Likishapumzika, ndipo umpe maji kidogo. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na waliomtangulia, na wao hivyo hivyo. Nilikariri kwa sauti kama wengine: tumbo lipumzike.

Wambui alishikwa siku niliyokuwa nyumbani. Alikuwa ameanza kutembea, ile ya kushika ukuta. Alitapika kabla ya saa sita, akatapika tena, kisha likaja lile jingine. Mama mkwe wangu alikoroga uji mwembamba, mwembamba kama maji, akaleta kwa kikombe.

"Mpe mtoto," aliniambia. "Amekauka huyu."

"Hapana, maitu," nikamwambia. Ndivyo nilivyomwita, mama. "Sista amesema tumbo ipumzike kwanza."

"Sista amezaa wangapi?"

"Ni masomo, maitu. Si mambo ya kuzaa."

Hakubishana nami. Mimi ndiye niliyevaa ile aproni nyeupe, na kijiji kizima kilijua. Aliketi na kikombe chake magotini. Wambui alinyoosha mkono kuelekea kikombe. Nilimgeuza upande wa pili asikione. Tulikaa hivyo mpaka lango likafungwa, na lango likifungwa hata mwenye aproni hatoki. Kuhusu usiku ule sina la kusimulia.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza langoni. Sikumbuki njia, nakumbuka tu kwamba Wambui alikuwa mwepesi na nilifurahia wepesi ule kwa sababu niliweza kukimbia. Nilipofika Thika, Sista alikuwa mlangoni. Alimfungua mtoto mgongoni mwangu, hakunitazama, akanigeuzia mgongo. Kwa mara ya kwanza nikaona mambo kutoka upande ule wa pili. Mgongo wake ulikuwa mpana, na gauni lilikuwa limeshonwa upya kwenye bega.

Alifanya yote. Nilijua kila hatua kabla hajaifanya. Alivuta ngozi ya tumbo, akagusa utosi, akaita sindano ya maji ya chumvi, akaitia chini ya ngozi ya paja, paja moja kisha jingine. Maji yalikusanyika pale kama uvimbe na hayakwenda popote, maana hakukuwa na nguvu ya kuyapeleka. Alisugua, akapasha joto, akasugua. Sikupiga kelele. Wenzangu waliokuwa zamu walinitazama, na niliona wanalikumbuka lile zoezi.

Ilipokwisha, alimweka Wambui mezani, akamnyoosha, akamfunika kwa shuka yangu mwenyewe. Akaenda kwenye beseni akanawa mikono. Wakati huohuo mwanamume mmoja wa laini za wafanyakazi wa shamba la mkonge akaingia na mtoto anayetupwatupwa na degedege, povu mdomoni. Sista alimpokea, akamlaza kwenye meza ya pili. Aligeuka kutafuta mtu wa kumsaidia. Wenzangu wote walikuwa na mikono iliyojaa. Akaniona mimi.

"Shika kichwa," akasema.

Nikashika kichwa. Nilikishika vizuri, kwa mikono miwili, nikamgeuza ubavu, nikafuta povu. Nyuma yangu alikuwa Wambui chini ya shuka. Yule mtoto alitulia, akavuta pumzi ndefu, akafungua macho na kunitazama mimi, si baba yake. Alipona. Sikujua jina lake na sikuuliza. Kisha nikamfunga wangu mgongoni, nikatoka.

Watu waliposikia kisa hiki walisema yule mwanamke hana moyo. Mimi sikusema hivyo wala sikumtetea. Ukweli ni kwamba sikuhisi kitu, wala siku ile wala miezi iliyofuata, na sisemi hivi kujisifu. Nilikuwa kama mguu uliolaliwa vibaya. Majirani walikuja, walisema pole, nikawajibu asante. Mama mkwe wangu aliosha kile kikombe akakiangika mahali pake na hakunitajia tena uji mpaka alipokufa. Mke wa katekista alitembea toka Ruiru akaja akanishika mkono, akalia yeye. Nilingoja mtu mmoja tu, naye hakuja. Nilijiambia kazi imemzidi, au amekosa kibali cha kusafiri. Halafu nikarudi kazini, akanipa zamu, akanirekebisha nilivyokunja bendeji. Nilimtazama mdomo. Pole haikutoka. Nikahesabu kuwa baadaye yake bado haijafika, nikaendelea kungoja, na kungoja kwenyewe kukawa kitu pekee nilichokihisi.

Nilipomaliza mafunzo nilipelekwa zahanati ya shamba moja la kahawa karibu na Ruiru, chumba kimoja chenye benchi nje. Nilifanya kazi vizuri. Walisema mkono wangu ni mwepesi na uso wangu hausomeki. Nilimwona Sista mara chache tu siku hizo, na kila tulipokutana njiani alinishika mkono na kuniuliza mbuzi wa mama mkwe wangu. Hakuna alichouliza kuhusu Wambui. Nilijibu habari za mbuzi.

Kisha nikaletewa msaidizi, msichana kutoka Kiganjo, ndiyo kwanza ametoka kwa Sista. Siku moja nilitoka kuchota maji, niliporudi nikamkuta ameketi chini na mtoto anayeharisha, anamnywesha kwa kijiko. Mtoto alitapika kijiko cha kwanza mbele yangu. Msichana akapangusa, akachota kingine.

"Wacha hiyo," nikamwambia. "Mtoto anatapika. Wacha tumbo ipumzike."

Aliinua macho, akashangaa. "Haiya, si Sista ametukataza kuwacha? Ametuambia hata akitapika, ngoja kidogo umpe tena. Maji ya kuchemka, chumvi kidogo, sukari kidogo. Kijiko kijiko. Anatapika nusu, nusu inabaki."

"Alianza lini kufundisha hivyo?"

"Sijui. Sisi tumekuta ni hivyo. Ni kitu ya kwanza anafundisha, hata kabla ya mambo ya kuungua moto."

Nilitoka nje nikaosha chupa ambazo zilikuwa safi. Ndani, kijiko kiliendelea kugonga kikombe. Jioni yule mtoto alikojoa, na mama yake akacheka kwa sauti kwa ajili ya mkojo, kama mtu aliyeona mvua.

Wiki ile Sista alikuwa na somo katika stoo ya kahawa. Sikuwa na sababu ya kwenda lakini nilienda, nikasimama mlangoni nyuma ya magunia. Darasa lilikuwa jipya, wanawake nisiowajua. Mgeni alikuwa mezani. Niliona kitu, nikasogea nione vizuri.

Mgeni alikuwa na mdomo.

Alikuwa amempasua uso, akazungushia uzi mwekundu kama midomo, akapitisha mpira mwembamba wa sindano hadi tumboni, ambako alitia chupa. Wanawake walipokezana kumnywesha kwa kijiko. Ukimpa haraka, maji yalirudi nje, yakachuruzika kifuani. Ukimpa polepole, yalishuka. Nguo ya Mgeni ilikuwa imelowa mpaka miguuni na alikuwa ameanza kunuka ukungu kwa kulowa kila wiki. "Polepole," Sista alikuwa akisema. "Akirudisha, usikasirike. Mpe tena. Usimnyime. Akinyoosha mkono, mpe."

Sikumwambia mtu kuhusu mkono wa Wambui na kikombe. Labda mama mkwe wangu alimwambia. Labda watoto wote waliokauka hunyoosha mkono. Sista aliinua kichwa akaniona mlangoni. Tulitazamana muda kidogo, kisha akageukia darasa lake. Nilirudi zamu.

Basi nilijua kwamba anajua. Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu, yeye anajua na mimi najua, na treni inakuja na kuondoka. Wakati mwingine nilimchukia, lakini chuki nayo inataka nguvu na mimi sikuwa nayo. Nilichotaka hakikuwa kikubwa. Nilitaka aseme jina.

Mume wangu alirudi wakati kambi zinafunguliwa. Tukapata mtoto mwingine, msichana. Kwa desturi yetu jina la mama mkwe lisingeweza kubaki bila mtu, kwa hiyo naye aliitwa Wambui. Watu walifurahi. Walisema Wambui amerudi. Walisema Mungu amenifuta machozi, ingawa hakuna aliyeyaona. Polepole yule wa kwanza akawa kama hakuwahi kuwako, maana mahali pake palikuwa na mtu na jina lake lilikuwa na mwenyewe. Nikiita "Wambui!" uani, aliyeitika alikuwa mmoja tu. Hata mume wangu, ambaye alimwona yule wa kwanza akiwa mchanga kabisa, kabla yeye mwenyewe hajakamatwa, alizungumza kana kwamba ni yuleyule aliyechelewa kukua.

Siku hizo nilisikia Sista ameacha kazi. Miguu ilikuwa imemshinda, imevimba. Alikuwa amepanga chumba Kiganjo, kwa mama mmoja mwenye bustani ya sukuma wiki. Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda. Njiani nilipanga la kumwambia, nikalipangua, nikalipanga tena. Nilipofika sikuwa na kitu.

Alikuwa ameketi uani juu ya kigoda, miguu ameiweka kwenye gunia lililokunjwa. Nywele zilikuwa nyeupe. Kuku wa mama mwenye nyumba walikuwa wamefungiwa kwenye tenga, nadhani kwa ajili yake. Nilipoingia nilijiandaa kushikwa mkono na kuulizwa kutoka mama hadi mbuzi. Nilikuwa nimeshaanza kuunyoosha.

Hakuushika. Alinyanyuka kwa shida, akanizunguka, akafunua shuka mgongoni mwangu. Nilisikia vidole vyake vikipita kwenye utosi wa mtoto, kisha kwenye tumbo, kisha vikatulia mbavuni. Alikaa hapo pumzi kadhaa.

"Huyu ni mzima," akasema nyuma yangu. "Huyu ni Wambui wa pili."

"Ndiyo, Sista."

Akarudi mbele. Alinitazama usoni, jambo ambalo sidhani aliwahi kulifanya tukiwa kazini.

"Na Wambui wa kwanza," akasema. "Yule aliletwa asubuhi, amefungwa shuka ya maua. Mimi ndiye niliwaambia msimpe maji. Wewe ulifanya vile nilisema. Pole, Mama Wambui."

Nilisema asante. Ndilo jibu la pole, na lilitoka lenyewe. Uani hapakubadilika kitu. Mama mwenye nyumba alikuwa akichuma sukuma, na mtoto mgongoni alikuwa akinivuta sikio.

Sista alirudi kigodani, akaweka miguu yake juu ya gunia, mmoja baada ya mwingine. Akanishika mkono sasa, kwa mikono yake yote miwili.

"Haya, salamu," akasema. "Watu wa nyumbani? Na mbuzi, mbuzi wako namna gani?"

Nikaanza kumweleza. Nilisema mzee wa nyumba amerudi, tumepata shamba kidogo, tuna mbuzi watatu. Nilisema mmoja ni mweusi, ana kiburi, anakataa kufungwa. Nilikuwa katikati ya huyo mbuzi mweusi nilipogundua kwamba sauti imekatika, na kwamba uso wangu umelowa mpaka shingoni, na sikuweza kuzuia wala sikutaka. Mtoto aliacha sikio langu akatulia. Sista hakuniambia ninyamaze. Aliendelea kunishika mkono na kungoja, jua likazunguka kidogo uani, na nilipopata pumzi tena akauliza kama yule mweusi ameshazaa.